Sukari ya Ghorofani

Kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, Binti Sawa alichemsha maji mara mbili: birika la Idara ya Matumizi, kisha birika la Idara ya Kodi. Kesho yake alianza na la Kodi, asije akaambiwa ana upendeleo. Soketi ya korido ilikuwa moja, na meza yake ilikuwa chini yake kabisa, katikati ya milango miwili inayotazamana. Alikuwa mwandishi wa idara zote mbili, na kwa hiyo hakuna idara iliyoona sababu ya kumpa nafasi ndani.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho shingoni, lakini hakuna aliyelisoma. "Binti, nichapie hii." "Sawa." "Binti, nipokelee simu, mwambie nimetoka." "Sawa." Siku moja dereva wa wizara alimuuliza kama yuko tayari kuolewa na gari. Akajibu sawa huku macho yakiwa kwenye kompyuta, na tangu siku hiyo kila gari likipiga honi nje watu walimwambia, "Mumeo huyo."

Asubuhi hiyo birika la Matumizi lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuvuma. Mkono ukapita juu ya bega lake, ukalichomoa, ukachomeka chaja ya simu.

Aligeuka. Alikuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe, bila msaidizi, tai ikining'inia shingoni kama kamba iliyosahauliwa kufungwa.

"Niwie radhi, binti. Simu imezimika, na mama mkwe wangu alikuwa hajamaliza kunigombeza. Nikichelewa kumpigia atadhani nimemkatia."

Binti Sawa akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Jana redio ilirudia hotuba yangu ya bajeti ya mwaka jana," Waziri akaendelea, akiitazama simu kama mgonjwa wake. "Pale niliposema nakisi imeongezeka 'kutokana na sababu mbalimbali.' Unajua mama ameniambia nini? 'Mkwe, binti yangu akikuuliza ulikuwa wapi mpaka saa hizi, nawe utamjibu hivyo hivyo?' Nani aliandika maneno yale?"

Binti Sawa aliinua mkono, ukaishia usawa wa sikio.

"Basi mwaka huu nataka sentensi moja. Fedha zinapungua kwa sababu tunatumia sana, au kwa sababu tunakusanya kidogo? Moja tu, na mama mkwe aielewe huku anakunja nguo. Alhamisi tunafanya mazoezi ya kuisoma. Tumeelewana?"

"Sawa, Mheshimiwa."

Waziri akaondoka na simu yake iliyofufuka nusu. Maji yalikuwa yamepoa. Milango miwili ilikuwa wazi, kama siku zote, na ndani ya kila mmoja kiti kililia kikisogezwa karibu na korido.

Nyuma ya mlango wa kulia alikaa mkuu wa Matumizi, mama mnene mwenye kicheko kinachotangulia kufika, aliyeitwa Mama Mfereji. Ukutani kwake aliandika kwa herufi za rangi: *Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.* Nyuma ya mlango wa kushoto alikaa mkuu wa Kodi, mzee mwembamba aliyeitwa Mzee Kapu, na ukutani kwake paliandikwa: *Haba na haba hujaza kibaba.* Makarani walikuwa na yao, ambayo haikuandikwa popote: kapu lina matundu, mfereji hauna koki.

Wawili hao walikuwa na ugomvi mmoja, nao waliutunza vizuri. Kila nakisi ilipotangazwa, Mzee Kapu alisema ni matumizi. Mama Mfereji alisema ni kodi. Wakishachoka walimwachia Binti Sawa, naye aliandika "sababu mbalimbali," ambayo haimuudhi mtu.

Safari hii kulikuwa na jambo jingine. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Fomu ya kuajiriwa moja kwa moja ilihitaji saini mbili, moja kutoka kila mlango. Alikuwa nayo kwenye droo tangu mwanzo wa mwezi. Mara kadhaa aliishika, akaenda nayo hadi kizingitini, akasafisha koo. Na kila mara aliambiwa, "Ehe, Binti, afadhali umekuja," akapewa kitu cha kuchapa. Akarudi na kazi mbili na fomu ile ile. Nyumbani mama yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe sasa ni wa kudumu, na alikwisha kuchagua rangi ya mapazia.

"Wamesaini?" mama alimuuliza kila jioni.

"Karibu, mama."

"Umewaomba?"

"Wanajua."

"Mwanangu, aliyefunga mdomo hapewi chumvi."

Hawakuwa wakijua, kwa kweli. Kila mmoja alidhani binti huyu alikuwepo kama korido ilivyokuwepo.

*

Kitu kingine kilichounganisha idara hizi mbili ni chai. Kwa kuwa soketi ni moja, chai nayo ilikuwa moja. Mzee Kapu alikusanya michango, maana kukusanya ndiyo kazi yake. Mama Mfereji alinunua, maana kununua ndiyo kazi yake. Ukiwatazama kwa mbali ungesema mpango umekamilika.

Lakini Mzee Kapu, kwa ukali wake wote wa uso, alikuwa na moyo wa siagi. Dereva alipopata mapacha, Mzee Kapu alimsamehe mchango: "Ana midomo miwili ya ghafla, masikini." Mlinzi alisamehewa kwa sababu ya umri. Dada wa mapokezi alisamehewa kwa sababu hucheka kwenye utani wa Mzee hata ule wa zamani. Kisha vijana wa takwimu wa jengo la pili wakaja na hoja kwamba wakisamehewa watavutiwa kunywa chai hapa, na wakivutiwa wataleta wenzao, na wenzao watachangia. Mzee Kapu akaona hekima. Vijana walivutiwa sana. Wenzao pia walivutiwa. Hakuna aliyechangia.

Mama Mfereji naye alikuwa hawezi kupita dukani mikono mitupu. Kila akienda kununua majani na sukari alirudi na asali kwa wenye kikohozi, ndimu kwa wanaopunguza mwili, biskuti kwa wasiopunguza. Mara moja alileta chupa kubwa ya chai yenye maua, ya wageni. Wageni hawajawahi kuja. Chupa iko kabatini, ndani ya nailoni yake, inawasubiri.

Basi kila mwezi ukifika katikati, sukari huisha.

"Michango imepungua," husema Mama Mfereji.

"Biskuti zimezidi," husema Mzee Kapu.

Halafu, kwa sauti moja, na hapo ndipo pekee walipowahi kukubaliana: "Binti, panda juu."

Juu ni masjala. Huko alikaa mwanamke mmoja aliyeitwa Shangazi na jengo zima ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle. Sukari yake haikuisha kamwe. Alipokopesha, alijaza kikombe kisha akapitisha rula juu yake, isibaki hata punje ya ziada. Alipolipwa, rula aliificha. Alitaka kikombe chenye kilima. Mwezi uliofuata, kabla chai haijaonjwa, vilima vya Shangazi vilitolewa kwanza, na sukari ikaisha mapema zaidi.

"Mwambie mama yako Mfereji na baba yako Kapu," Shangazi alimwambia wiki hiyo huku akipitisha rula polepole, kwa raha, "kukopa harusi, kulipa matanga. Na wewe, mbona kila siku ni wewe tu? Wao hawana miguu?"

"Sawa, Shangazi."

"Sawa nini? Nimekuuliza swali!"

Lakini Binti Sawa alikuwa tayari anashuka ngazi, kikombe mkononi kama yai.

*

Siku hiyo hiyo Mzee Kapu alimwita.

"Funga mlango, mjukuu wangu." Hajawahi kumwita mjukuu. "Ile sentensi. Wewe umesoma, huhitaji kufundishwa. Mwaka huu tumekusanya kuliko mwaka jana, na mwaka jana tulikusanya kuliko mwaka juzi. Kapu linajaa! Sasa kama linajaa na bado pungufu lipo, mwizi ni nani? Hao wa mlango wa mbele wameweka taa za barabarani kwenye barabara ambayo haijajengwa. Taa zinamulika majani. Mbuzi wanakula usiku siku hizi kwa sababu yao."

Binti Sawa akacheka kidogo, kwa pua.

"Andika tu: ni matumizi. Na kuanzia leo, mchango wa chai, wewe nimekusamehe."

"Sawa, mzee."

Hajafika kwenye meza yake, Mama Mfereji akamvuta ndani kwa kiwiko.

"Kakuambia taa, sivyo? Taa, taa, kila siku taa. Mwanangu, mimi nalipa walimu. Nanunua dawa. Nimwambie mgonjwa asubiri mpaka Kapu aamke? Yeye ndiye aliyewasamehe kodi wenye kiwanda cha vigae, eti watajenga kiwanda cha pili na kuajiri watu. Hicho cha pili kiko wapi? Kimejengwa ndotoni? Kodi ya vigae peke yake ingewasha taa zangu mpaka alfajiri!"

"Na barabara, mama?"

"Barabara inakuja. Andika: ni misamaha ya kodi. Halafu hicho kiti chako kinanitia huruma, kinalia kama paka. Nimekuagizia kipya, cha magurudumu."

"Sawa, mama."

Kiti kilifika kabla ya saa ya kutoka. Kilikuwa kizuri mno. Binti Sawa alikaa juu yake, akajizungusha mara moja alipohakikisha hakuna anayeona, na moyo ukamuuma. Aliwapenda wote wawili, hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mzee Kapu humtengenezea stapla yake inapokwama, na huifanya kazi hiyo kwa heshima kama fundi wa saa. Mama Mfereji alikuwa mtu pekee kazini aliyewahi kumuuliza kama amekula. Na kila mmoja alikuwa na haki nusu. Angeandika moja, mwingine angeumia, na saini moja ingebaki kwenye kalamu.

Wizarani kwao rasimu ya hotuba ilizunguka katika majalada mawili, la kijani kwa Kodi na la njano kwa Matumizi, na ilikuwa mwiko mkuu wa idara moja kuchungulia jalada la mwenzake. Kwenye la kijani aliandika sentensi ya Mzee Kapu. Kwenye la njano akaandika ya Mama Mfereji. Yote mawili yalirudi yakiwa na alama ya kukubaliwa, na la njano lilikuwa na ua dogo lililochorwa pembeni.

Ikabaki kuandaa nakala moja safi ya Waziri. Jumatano alasiri alikaa mbele ya sentensi mbili, kidole juu ya kitufe cha kufuta. Aliposogea kwenye ya kwanza aliona uso wa Mzee Kapu ukijikunja. Aliposogea kwenye ya pili aliona ua. Akaondoa kidole. Kati ya sentensi hizo mbili akaweka neno ambalo limewaokoa waandishi wengi wa serikali kabla yake, akachapisha, akaenda nyumbani bila kujitazama kwenye kioo cha lifti.

*

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na madirisha yasiyofunguka. Waziri alisimama mbele, karatasi zake juu ya katoni la karatasi lililofanywa mimbari. Mama Mfereji alikaa upande mmoja, Mzee Kapu upande wa pili, na Binti Sawa kwenye kona karibu na mlango, bahasha yenye fomu mapajani. Alikuwa amejiambia kwamba leo, baada ya mazoezi, wakiwa wamefurahi, atasema.

Waziri alisoma vizuri. Alikuwa na sauti ya redio. Alifika ukurasa wa nakisi, akavuta pumzi.

"Mheshimiwa Spika, nakisi imeongezeka kwa sababu Serikali inatumia kupita kiasi, ingawa kodi inakusanywa vizuri."

Mzee Kapu akaegemea kiti, akafumba macho kwa utamu. Mama Mfereji akafumbua yake.

"Aidha," Waziri akasoma, "nakisi imeongezeka kwa sababu Serikali inasamehe kodi kupita kiasi, ingawa matumizi yote ni ya lazima."

Macho yakabadilishana zamu.

Waziri akairudia kimoyomoyo, midomo ikitembea. Akageuza karatasi nyuma, labda maelezo yako huko. "Aidha?" akasema. "Aidha! Yaani nimwambie mama mkwe aidha?"

"Binti!" walisema wakuu wawili kwa pamoja.

"Subirini. Kabla sijakasirika, nileteeni chai."

Chai ililetwa, tena kwenye ile chupa ya maua, ambayo Mama Mfereji aliikimbilia mwenyewe kabatini kwa furaha ya aliyengoja miaka. Waziri akanywa funda moja. Uso wake ukakunjamana.

"Haina sukari."

"Sukari imekwisha, Mheshimiwa," alisema Mama Mfereji. "Michango imepungua. Mwulize mwenzangu ameachia watu wangapi wanywe bure."

"Michango ingetosha," alisema Mzee Kapu, "kama ingenunua chai. Inanunua asali! Inanunua ndimu! Tuna kabati la chai au duka la dawa?"

"Na vijana wa takwimu? Wanakuja na vikombe kama ndoo!"

"Wale ni uwekezaji!"

"Sawa na vigae!"

"Afadhali vigae kuliko kumulikia mbuzi!"

"Jamani," alisema Waziri, na kikombe chake kikagonga meza. "Vigae! Taa! Nani aliidhinisha upuuzi huu?"

Mama Mfereji akaangalia kucha zake. Mzee Kapu akaangalia dari.

"Vigae ulisaini wewe, Mheshimiwa," Mama Mfereji akasema taratibu.

"Na taa pia," Mzee Kapu akamsaidia. Lilikuwa jambo la pili walilowahi kukubaliana.

Waziri akakohoa kikohozi kirefu kilichostahili asali. "Basi... tupate sukari kwanza."

Mama Mfereji akageukia kona bila hata kutazama. "Binti, panda juu."

"Kimoja tu," akaongeza Mzee Kapu. "Mwambie Shangazi tutamlipa mwezi ujao."

Binti Sawa akasimama. Akachukua kikombe, kwa sababu miguu na mikono yake ilishajua njia. Akafika mlangoni. Aliiona ile rula ikipita polepole juu ya kikombe. Akaona kilima cha mwezi ujao, na cha mwezi unaofuata. Akajiona yeye kwenye ngazi, akipanda na kushuka, ili hawa wawili awapendao wasilazimike kumkatalia mtu yeyote kitu chochote, milele.

"Hapana," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo mno, ikabidi Mzee Kapu aulize, "Amesemaje?"

"Nadhani amesema hapana," alisema Waziri kwa mshangao.

"Huyu?" Mama Mfereji akamtazama sasa, kwa kweli akamtazama. "Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Siumwi." Akakikumbatia kikombe kwa mikono miwili. "Mzee akibishiwa hodi, anasamehe, kwa sababu ana huruma. Mama akipita dukani, ananunua, kwa sababu ana huruma pia. Wala hamkosei mmoja mmoja. Lakini hakuna siku mmewahi kukaa pamoja mkaamua nani asipewe. Hamjahitaji. Sukari ikiisha, nipo mimi. Nikipanda tu, wote wawili mnakuwa watu wazuri mpaka mwezi ujao."

"Lakini kati yetu," alisema Mzee Kapu, ambaye hakuweza kujizuia, "nani zaidi?"

"Mwezi uliopita zilikuwa biskuti, mzee. Mwezi huu ni vijana wa takwimu. Inabadilika. Ngazi tu ndiyo haibadiliki."

"Binti," alisema Waziri, "mimi niliuliza nakisi ya nchi, sikuuliza sukari."

"Naijibu hiyo, Mheshimiwa." Akamgeukia Waziri. "Tunasamehe ili tupendwe, tunatumia ili tupendwe, halafu tunamtuma mtoto akakope."

Waziri alichukua kalamu, akaifuta sentensi ya kwanza, akaifuta ya pili, na ile "aidha" akaifuta mara mbili. Akaandika juu yake sentensi ya Binti Sawa. Akaisoma kwa sauti ya redio, mara moja, kisha kwa sauti ya kawaida, kama anayempigia mtu simu.

"Ataelewa," alisema. "Mungu wangu, ataelewa, na atanipigia tena." Akanywa funda la chai chungu, akavumilia. "Hakuna kupanda juu leo. Tunywe hivi hivi."

Mama Mfereji akanywa, akakunja uso. Mzee Kapu akanywa, akakunja uso zaidi, ili asishindwe. Kisha kicheko cha Mama Mfereji kikaanza chini tumboni, kikapanda, kikamkuta Mzee Kapu njiani, na wote wawili wakawa wanafuta machozi. "Kumbe ana mdomo!" alisema Mama Mfereji. "Na mimi niliyempa kiti!"

"Mimi nilimsamehe mchango," alisema Mzee Kapu.

"Nitaulipa, mzee," alisema Binti Sawa. "Kiti nitabaki nacho, kama ni cha mtu anayebaki."

Kicheko kikakatika. "Anayebaki vipi?" aliuliza Mama Mfereji. "Kwani unakwenda wapi?"

Hapo ndipo angesema, "Haidhuru, mama," na kurudi kwenye kona yake. Neno lilikuwa tayari ulimini, limezoea njia. Akalimeza. Akakiweka kikombe kitupu mezani, akatoa fomu kwenye bahasha, akaitandaza katikati yao wawili, mahali ambapo hakuna ambaye angeweza kudai ni upande wa mwenzake.

"Mkataba wangu unaisha wiki ijayo," alisema, na safari hii walimsikia wote. "Naitaka kazi hii. Nawaomba mnisainie."